Mjomba anamcheka binti yangu kwa kupenda Star Wars mpya

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nakuru, na umri wangu unakaribia miaka 50. Huenda wengine wakaliona jambo hili dogo, lakini limeingia mezani kwangu na sasa linaninyima raha kila Jumapili.

Mimi na ndugu yangu anayenifuata tulikuwa mashabiki wa Star Wars, zile filamu za Marekani za vita vya angani, hata kabla hatujajua Kiingereza vizuri. Mjomba wetu alikuwa na deki, na katikati ya miaka ya themanini alituletea kanda za filamu tatu za kwanza: ile ya 1977, ya 1980 na ya 1983. Likizo zote tulikuwa mbele ya televisheni yake, mpaka kanda zikaanza kukwaruza. Vidude vya kuchezea walivyokuwa navyo watoto wa Marekani hatukuwa navyo. Tulikata vijiti, tukavumisha kwa midomo, tukapigana uani mpaka tukaitwa kuoga.

Jambo moja silisahau. Siku hiyo nyanya yetu alikuwa ameketi nasi akichambua maharagwe. Hakujua Kiingereza, na filamu hizo kwake zilikuwa kelele tu. Tulifika mwishoni mwa ile ya 1983, pale rubani Lando anaporusha chombo cha angani kiitwacho Millennium Falcon kwenda vitani, na kando yake ameketi yule rubani msaidizi mwenye mashavu yanayoning'inia na macho meusi makubwa. Kile kiumbe kikafungua kinywa na kusema Kikuyu. Nyanya aliacha maharagwe, akainua kichwa, akamjibu. Kisha akatuuliza yule ni wa nyumba ya nani, na kwa nini wazazi wake wamemwacha aende vitani. Tulirudisha kanda nyuma tena na tena, na tangu hapo kila tulipoweka filamu nyanya aliuliza kama "mtu wetu" atakuwapo.

Binti yangu ana miaka 12. Yeye aliingilia mlango mwingine. Alizitazama kwa binamu zake zile za karibuni, ya 2015, ya 2017 na ya 2019, na anampenda Rey, yule msichana shujaa wa filamu hizo, kupita kiasi. Jumamosi asubuhi husimama mbele ya kioo akifunga nywele mafundo matatu kisogoni, moja chini ya jingine, na fundo la kati likilegea huyafungua yote na kuanza upya.

Ndugu yangu huja kula nasi Jumapili baada ya kanisa. Kila anapomsikia mtoto akimtaja Rey humkatiza: "Hizo si Star Wars. Hizo ni za kuvunia pesa." Humhesabia makosa ya hadithi kwa vidole. Wiki chache zilizopita alisimama pale mezani akamwigiza Rey, akipepesuka na mwiko mkononi, na wote wakacheka. Binti yangu aliinuka akaenda chumbani. Alipotoka, nywele alikuwa amezifungua. Siku hizi hutazama filamu zake peke yake, vipokea sauti masikioni. Nilipomwambia aje tutazame zile zangu za zamani, alinijibu kwa adabu kabisa: "Hapana mama, hizo ni za mjomba."

Kinachonitatiza ni kwamba mengi anayosema ndugu yangu nami nayaona vivyo hivyo. Ile ya 2017 iliniumiza. Luke niliyemjua, shujaa wa zile za zamani, ndiye aliyeona wema ndani ya baba yake wakati wengine wote wamekata tamaa. Halafu nikaonyeshwa mzee aliyejificha kisiwani, aliyewahi kusimama juu ya mpwa wake aliyelala, upanga wa mwanga ukiwaka mkononi. Nilitoka ukumbini nikashindwa kuongea hadi tukafika nyumbani.

Je, nimfiche binti yangu ninavyoona? Nitamletaje kwenye filamu za zamani bila kumlazimisha? Ndugu yangu nimfanyeje, maana nampenda na ndiye mjomba wa mtoto? Na je, mwanamke wa umri wangu anafaa kweli kuumia kwa ajili ya filamu?

Shabiki wa zamani, Nakuru

* * *

Marahaba mwanangu,

Filamu hizi nazijua na nimezipenda kwa miaka mingi, kwa hiyo barua yako haikupotea njia.

Nianze na swali lako la mwisho. Kuumia kwako si utoto. Ulikua na Luke, na baada ya 1983 ilipita miaka 16 kabla filamu nyingine ya mfululizo huo haijaingia kumbini. Muda wote huo maisha ya watu wale yaliendelea vichwani mwa mashabiki. Mwaka 2012 George Lucas aliuza kampuni yake kwa Disney kwa zaidi ya dola bilioni 4, na watu wengine wakashika kalamu. Walichoandika hakikuwa kile ulichokuwa umekibeba wewe tangu nyumbani kwa mjomba wako.

Na hukuwa peke yako. Mark Hamill, aliyeigiza Luke tangu mwanzo, alimwambia Rian Johnson, mwongozaji wa ile ya 2017, kwamba hakubaliani na takriban kila uamuzi aliofanya juu ya mhusika huyo. Alilisema hilo hadi hadharani. Lakini aliingia kazini akaigiza kwa moyo wote, na filamu ilipotoka akasema anajutia kuyaanika mashaka yake mbele za watu. Mtu aliyempa Luke uso wake alitofautiana na filamu na bado akaiheshimu. Nataka nawe usimame papo hapo. Unaweza kukataa alichofanyiwa Luke, na wakati huohuo usimnyang'anye binti yako Rey.

Sasa nije kwa ndugu yako, maana naona kwake ndiko kwenye kidonda.

Unakumbuka ile filamu ya 1983, aliyoipenda nyanya yako? Ilipotoka, mashabiki watu wazima wengi waliikunjia uso. Walisema wale Ewok, viumbe vyenye manyoya kama dubu wadogo, wamewekwa ili kampuni iuze midoli, na kwamba jeshi la Dola Kuu, maadui wa akina Luke, haliwezi kushindwa na watoto wa msituni wenye mawe na kamba. Ile ya 1980 ilikuwa nzito na ya kiutu uzima, wakasema, hii imerudi kuwa ya watoto. Wewe na ndugu yako hamkuyasikia hayo kwa sababu mlikuwa sebuleni mkifurahi. Hakuna mtu mzima aliyekuja kusimama mbele ya televisheni kuwaambia kwamba mnachokipenda ni cha kuvunia pesa. Mjomba wenu aliweka kanda, akawaacha.

Mwaka 1999 mambo yalirudi kwa ukali zaidi. Mhusika anayeitwa Jar Jar Binks aliwachekesha watoto na kuwaudhi watu wazima, na chuki ile ilimwangukia kijana aliyemwigiza, Ahmed Best. Mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba enzi hizo alikaribia kujitoa uhai. Mwaka huohuo wa 2018 Kelly Marie Tran, aliyeigiza Rose katika ile ya 2017, alifuta picha zake zote Instagram baada ya miezi ya matusi. Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa waliotukana walijiita wapenzi wa filamu hizi kuliko wengine wote. Ahmed Best alirudi mwaka 2023 katika tamthilia ya The Mandalorian, safari hii akiwa Jedi, shujaa wa upanga wa mwanga, anayemwokoa mtoto kutoka kwenye mauaji, na waliomshangilia kwa sauti kubwa ni wale waliokuwa watoto mwaka 1999. Walikuwa wamekaa na upendo wao kimya miaka yote hiyo.

Ndugu yako hajafika kwenye matusi, wala sidhani atafika. Lakini mtoto wa miaka 12 aliyeingia chumbani akafungua nywele zake ameshapata jibu kwamba anachokipenda kinaaibisha. Mjomba ana nafasi yake kwa mtoto wa dada. Neno lake ni zito kuliko la jirani au la mwalimu, na ndiyo sababu mzaha ule ulichoma.

Zungumza naye mkiwa wawili, isiwe mezani wala mbele ya mumeo. Usianze kwa kumtetea Rey, kwa sababu mtaishia kubishana kuhusu hadithi na katika hilo ana hoja zake. Mwambie ulichokiona: alipomwigiza Rey, mtoto aliinuka, na nywele zikafunguliwa. Mkumbushe deki ya mjomba wenu. Kisha mpe kazi, maana mtu anayeijua filamu hadi makosa yake kwa vidole ana mengi mazuri ya kumpa mtoto akionyeshwa pa kuyapeleka.

Kazi yenyewe ni hii. Sauti za filamu zile zilitengenezwa na Ben Burtt, na alizipata kwenye vitu vya kawaida kabisa. Mvumo wa upanga wa mwanga ni mngurumo wa mota ya projekta uliochanganywa na kelele ambazo maikrofoni ilinasa ilipopita karibu na televisheni. Ili upanga usikike ukizunguka, aliucheza mvumo ule kwenye spika huku akipunga maikrofoni mbele yake. Mlio wa bunduki ulitoka kwenye waya wa chuma unaoshikilia mnara wa redio, ukagongwa kwa nyundo. Mjomba na mpwa wanaweza kuyafanya haya wenyewe Jumapili mchana. Simu moja icheze mvumo wa friji uliorekodiwa, nyingine irekodi huku binti akiipunga mbele ya ile ya kwanza. Mvumo utapanda na kushuka. Waya wa chuma uliokazwa vizuri uani, hata wa kuanikia nguo, waugonge kwa spana na kusogeza simu karibu kabisa. Wasiguse waya wa nguzo ya stima kwa hali yoyote. Panga za Rey na za Luke zinavuma kwa sauti iliyozaliwa kwenye chumba kimoja, na hilo binti yako atalisikia kwa masikio yake pasipo mtu kumhubiria.

Kuhusu kumleta kwenye filamu za zamani, usiseme tena "zangu". Amekwambia ni za mjomba, na kwa sasa ni kweli. Zinahitaji mlango ambao mjomba hakuupitia, nao unao tayari: nyanya yako.

Masikio yake hayakukosea. Rubani yule anaitwa Nien Nunb, na aliyempa sauti ni Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani wakati huo. Ben Burtt alikuwa akitafuta lugha ambazo masikio ya watazamaji wa Marekani hayakuzizoea. Lugha ya Jabba, yule bwana wa wahalifu katika filamu hiyo, kwa mfano, aliitengeneza kwa kufuata sauti za Kiquechua cha Amerika Kusini. Rotich akaja na Kikuyu, na kikaachwa jinsi kilivyo. Kwingine duniani watu walisikia lugha ya sayari ya mbali. Kwenu nyanya alisikia mtu wa nyumbani, akajibu.

Mwaka 2015, katika ile filamu ya kwanza ya Rey, Nien Nunb yumo tena, na Kipsang Rotich alirudi kumpa sauti. Yaani sauti iliyomwinua nyanya yako kutoka kwenye maharagwe imo katika filamu anayoipenda mjukuu wa binti yake. Na humo humo, yule mama mdogo mzee mwenye miwani mikubwa, Maz Kanata, ni Lupita Nyong'o. Upanga aliokuwa nao Luke unapompata Rey kule kwenye ngome, anayemwambia auchukue ni Maz. Huenda binti yako anamjua Lupita tayari. Nina shaka kama anamjua Rotich. Msimulie kisa cha nyanya nyote wawili mkiwa jikoni, kama ulivyonisimulia mimi, kisha mwonyeshe ile sehemu ya 1983 peke yake, pale kwenye chumba cha marubani. Ikiishia hapo siku hiyo, iishie. Akiuliza wale ni akina nani na wanakwenda wapi, hapo ndipo unaweka ile ya 1977.

Fuata mpangilio wa miaka zilivyotoka: 1977, 1980, 1983. Siri ya baba wa Luke anaijua kwa sababu filamu mpya zinaitaja waziwazi, kwa hiyo hakuna la kumlinda nalo. Ujue tu kwamba ile ya 1977 huanza polepole kwa mtoto wa leo. Roboti wawili wanatangatanga jangwani, na zaidi ya robo saa inapita kabla hujamwona Luke. Lucas aliichukua njia hiyo kwenye filamu ya Akira Kurosawa ya 1958, ambamo hadithi ya watu wakubwa inaonwa kwa macho ya wakulima wawili wagomvi. Wewe unalipenda jangwa lile la Tunisia. Yeye anaweza kuinuka kwenda kuchukua chai. Mwache aende, na usisimamishe filamu kumngojea kama adhabu.

Vilevile, toleo atakaloliona kwenye mtandao si lile la kanda zenu. Mwaka 1997 Lucas alirudi akaongeza viumbe, akabadilisha matukio, hata ule ugomvi wa Han, rubani rafiki yake Luke, na Greedo aliyekuja kumkamata, mezani ambapo awali Han peke yake ndiye aliyefyatua risasi. Utaona kila badiliko na mwili utakusisimka. Nyamaza mpaka mwisho. Kama kanda za mjomba wenu bado zipo, zipeleke kwa fundi anayehamisha video akazihifadhi kabla ukungu haujazimaliza, kwa maana humo ndimo ilimo filamu mliyoikuta ninyi. Siku binti yako akitaka kulinganisha, atakuwa na cha kulinganisha.

Umeuliza kama umfiche unavyoona. Usimfiche, ila ngoja akuulize, na atakuuliza, kwa sababu mtoto anayefunga nywele kama Rey anatamani sana kujua mama yake anamwonaje Rey. Zungumza juu ya Luke, mwambie alikuwa nani kwako, na kwamba ile ya 2017 ulitoka ukiwa na majonzi. Kisha muulize yeye anaona nini kwa Rey, na usikilize jibu lote. Sisi wasichana wa wakati ule tulikuwa na Leia, yule binti mfalme, na tulimshika kwa mikono miwili kwa sababu katika ile ya 1977, ukimtoa yeye na shangazi yake Luke, karibu hakuna mwanamke anayesema neno. Binti yako amefungua macho akamkuta msichana anayebeba filamu nzima, aliyeachwa jangwani na wazazi, anayejilisha mwenyewe kwa kuokota vyuma chakavu. Yapo mambo humo ambayo wewe, uliyekaa ukumbini ukimlilia Luke, hukuwa na nafasi ya kuyaona. Mwombe akuonyeshe. Tazameni ile ya 2015 pamoja, yeye ndiye ashike rimoti, na ukifika pale Han anaporudi ndani ya Falcon pamoja na Chewbacca, mwenzake mwenye manyoya, mtajikuta mmefurahi nyote kwa wakati mmoja.

Limebaki moja. Huenda ndugu yako akakuelewa mkiwa wawili, kisha Jumapili akasahau, ulimi ukamtoka. Ikitokea, usimkonyeze wala kubadilisha mazungumzo. Sema pale pale, kwa sauti yako ya kawaida, kwamba katika nyumba yako mtoto hachekwi kwa anachokipenda, kisha umpitishie chapati. Mradi binti yako awe mezani akusikie ukisema.

Shangazi